Kipima umeme cha soketi: kinafaa kununuliwa?

Karibuni watazamaji. Kilichopo mezani leo ni kifaa kinachoenea kiganjani: kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi. Unakichomeka ukutani, halafu plagi ya friji, feni au televisheni inaingia juu yake, na skrini inakuambia chombo hicho kinakula umeme kiasi gani. Tumekitanguliza kabla ya taa za LED na kabla ya friji za inverta, zile ambazo kompresa yake hubadilisha kasi badala ya kuwaka na kuzima, kwa makusudi. Watu wengi wanaotaka kupunguza bili hununua vyombo vipya kwanza, wakati hawajajua umeme wao unaishia wapi.

Tuanze na skrini. Kila ukibonyeza kitufe, inakuja volti, ampia, wati, pawa fakta (wati ukizigawanya kwa volti mara ampia), uniti zilizokusanyika, na saa ambazo kifaa kimekuwa kikipima. Wengi huishia kwenye wati, na hapo ndipo wanapopotea. Wati ni kasi ya matumizi ya dakika ile ile. Bili inahesabu uniti, yaani kilowati-saa, na uniti zinataka muda. Tazama mfano huu: birika la wati 2,000 likichemsha kwa dakika 5 limekula uniti 0.17 tu. King'amuzi kinacholala na kijitaa chekundu huku kikivuta wati 10 usiku na mchana kinamaliza uniti 87.6 kwa mwaka, sawa na kuchemsha birika hilo zaidi ya mara 500. Shika namba moja: kila wati 1 isiyozimwa ni uniti 8.76 kwa mwaka.

Sasa twende kwenye friji, maana hapa ndipo kifaa hiki kinaporudisha gharama yake.

Futa kumbukumbu kwanza, kwa kawaida kwa kushikilia kitufe cha kufuta kwa sekunde chache. Chomeka, kisha iache friji ifanye kazi kama siku zote, mlango ukifunguliwa na kufungwa, kwa saa 24 au zaidi. Saa 72 ni bora. Kipimo cha nusu saa kitakudanganya, kwa sababu kompresa inawaka na kupumzika, na friji zisizogandisha barafu zina hita ya kuyeyusha inayowaka kila baada ya saa kadhaa. Ukiona wati zimepanda ghafla kupita kawaida ya kompresa, usishtuke, pengine ni hita hiyo. Ukimaliza, gawanya uniti kwa saa zilizopita, zidisha kwa 8,760. Tuseme umepata uniti 3.6 kwa saa 72: hiyo ni 0.05 kwa saa, sawa na uniti 438 kwa mwaka. Linganisha na lebo ya friji yako, ambayo huandikwa uniti za mwaka. Jiko lenye joto litaipandisha kidogo juu ya lebo, lakini ikifika maradufu kuna kasoro.

Kasoro yenyewe mara nyingi haihitaji friji mpya. Bana karatasi kwenye mlango, funga, vuta. Ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umechafuka au umelegea. Usafishe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, kisha rudia jaribio pembe zote nne. Kagua nyuma: vumbi kwenye mabomba ya kutoa joto na friji iliyosukumwa hadi ukutani vinaifanya kompresa ichelewe kupumzika. Barafu ikifika nusu sentimita kwenye friza, iyeyushe, ila usiikwangue kwa kisu, maana bomba la gesi likitoboka umeipoteza friji. Halafu angalia joto: nyuzi 4 kwenye friji na 18 chini ya sifuri kwenye friza zinatosha. Zaidi ya hapo unalipia baridi usiyoihitaji. Fanya jambo moja, pima tena, ndipo ufanye la pili, la sivyo hutajua lipi lilisaidia.

Angalizo kwa wenye friji za inverta. Friji ya kawaida ikipumzika, wati zinashuka karibu na sifuri. Zisiposhuka kabisa, shuku mpira, gesi au thermostati. Inverta haifuati tabia hiyo. Inaweza kukimbia muda mrefu kwa wati chache, na huo ndio uzuri wake. Usimwite fundi kwa sababu hiyo tu.

Kazi ya pili tunayoipenda sana: kuwaumbua wauzaji wa visanduku vya kupunguza bili. Ndani yake kwa kawaida mna kapasita na kijitaa. Chomeka ekstensheni kwenye kipima, washa feni, andika wati. Kisha chomeka kisanduku pembeni yake. Ampia zinaweza kushuka, na muuzaji anakuonyesha hizo. Wewe tazama wati: hazishuki. Mita ya nyumbani inahesabu uniti za wati, kwa hiyo bili inabaki pale pale. Inauma kuona watu wanaobana matumizi kweli kweli wakitoa pesa yao kwa kitu kama hiki.

Sasa udhaifu wa kifaa chenyewe. Kwenye mzigo mdogo, chini ya wati 2 au 3, vipima vingi vya bei ya chini hubahatisha, vingine huandika sifuri. Dawa yake ni kuweka chaja kadhaa kwenye ekstensheni moja, kupima zote pamoja, kisha kugawanya. Skrini nayo huishia nyuma ya friji usipoweza kuisoma, hivyo chagua chenye waya wake au tumia ekstensheni fupi na nzito. Umeme ukikatika, aina zisizo na betri ya ndani husahau kila kitu, na siku mbili za kupima zimepotea.

Kubwa kuliko yote ni joto. Kifaa cha ampia 16 kwenye volti 230 kinabeba wati 3,680; cha ampia 10 mwisho wake ni 2,300. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuweka hita. Hata ukiwa ndani ya kipimo, soketi iliyolegea inachemka. Baada ya dakika 10 gusa plagi: ikiwa ya moto, au unasikia harufu ya plastiki, chomoa na tengeneza soketi kwanza.

Je, plagi za Wi-Fi zinazopima umeme? Grafu zake kwenye simu ni nzuri mno, unaona kila kompresa inapowaka. Ila zenyewe zinaweza kula kama wati 1 muda wote, na zina swichi inayoweza kuzimwa kwa bahati mbaya. Kwenye friza yenye nyama hatuishauri ikae moja kwa moja.

Kuna eneo kifaa hiki hakioni kabisa: hita ya bafuni, pampu iliyofungwa moja kwa moja, taa za darini. Na hita ya bafuni inaweza kuipita friji. Ya wati 4,500, watu watatu wakioga dakika 10 kila mmoja, ni uniti 2.25 kwa siku. Friji ya mfano wetu ni 1.2. Ipime kwenye mita ya nyumba. Zima vingine vyote, friji pia, kisha tafuta kijitaa kinachopepesa na maandishi ya imp/kWh, yaani mipepeso mingapi kwa kila uniti. Pima sekunde za mipepeso 20. Mita ikiwa ya 1,000, zidisha mipepeso kwa 3,600, gawanya kwa sekunde: mipepeso 20 kwa sekunde 16 ni wati 4,500. Mita ya 1,600 tumia 2,250. Ya 3,200 tumia 1,125. Ukimaliza, usisahau kuirudisha friji.

Ukinunua, hakikisha kina pini ya ethi, kinasoma uniti hadi 0.01, kinaonyesha saa na kinatunza kumbukumbu. Dukani kijaribu na chaja au taa ya LED: pawa fakta ikibaki 1 na wati zikawa sawa na volti mara ampia, kiache. Nyumba moja haikihitaji zaidi ya wiki chache, kwa hiyo majirani wanne au watano mkichanga kinatosha. Anayekipokea aanze kwa kufuta kumbukumbu, asije akahesabu friji ya mwenzake.