Dola 100 zilizokwenda na maji, na dada aliyeniuliza odomita: uzoefu wangu wa kufaili kodi ya udereva Houston

Nabeba abiria wa programu ya simu hapa Houston, Marekani, tangu Januari 2024. Kabla ya hapo nilikuwa ghalani, napewa W-2 (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri), najaza kodi mwenyewe kwa nusu saa, narudishiwa vijisenti vyangu, kwisha. Nikadhani 1099, fomu ya mapato ya anayejitegemea, ni mdogo wake W-2. Wala si ndugu.

Mjaza kodi wa kwanza nilielekezwa nikiwa kwa kinyozi. Ana meza ndani ya duka la simu, bei dola 350, kianzio 100. Akataka 1099-K na risiti za mafuta, basi. Baada ya siku mbili akanitumia rasimu: mapato 48,600, mafuta 5,100, faida 43,500. Kodi ya kujiajiri (ile ya pensheni na afya ya uzeeni) peke yake 6,146, bado kodi ya mapato. Nilizima gari nikabaki naitazama simu. Faida ya 43,500 ilipita wapi nisiione? Nilipomuuliza yeye atasaini wapi, akasema tutume kama vile nimejaza mwenyewe. Anayelipwa kujaza fomu hizi anatakiwa kisheria asaini na kuweka namba yake ya PTIN, ile ya utambulisho wa wajaza kodi. Sikuyajua hayo siku ile, ila harufu niliisikia. Nikachukua karatasi zangu, kianzio nikamwachia.

Wa pili ni dada mmoja Mkenya, wakala aliyesajiliwa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), anafanyia kazi nyumbani kwake, dola 275. Risiti hata hakuzigusa.

"Kaka, Januari mosi odomita ilisoma ngapi?"

Yaani namba ya maili kwenye dashibodi! Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kumbe 1099-K inaonyesha alicholipa abiria, si kilichoingia mfukoni mwako. Kampuni ilishakata 14,200 zake, na hizo zina mstari wake kwenye Schedule C, fomu ya faida na hasara ya biashara, mstari wa 10. Halafu maili: kwa 2024 IRS inakubali senti 67 kwa kila maili ya kazi. Mimi sikuwa na daftari lolote. Tukatumia ripoti ya mwaka ya kampuni, yenye tarehe na maili, kisha akaniambia nipekue gari. Chini ya kiti nikakuta risiti za kubadilisha oili, na fundi huwa anaandika odomita pale juu kwenye kona. Mahesabu yakakutana: maili 31,000, yaani dola 20,770. Ukishachukua senti hizo, mafuta, matairi na bima ya gari unavisahau, huwezi kula kotekote. Toli za barabarani zinahesabiwa kando. Hizo pamoja na sehemu ya bili ya simu zikawa 1,130.

Faida ikashuka hadi 12,500. Kodi ya kujiajiri 1,766. Kodi ya mapato sifuri, maana bachela wa mwaka ule alisamehewa 14,600 za kwanza, na Texas yenyewe haitozi kodi ya mapato ya jimbo.

Sasa kasoro zake. Kuanzia katikati ya Machi hapatikani; ujumbe wa sauti anaujibu saa tano usiku, wewe uko airport unasubiri abiria. Na ni mgumu. Pale kwa kinyozi walinishauri niingize tiketi yangu ya Dar kama safari ya kazi. Dada akaniuliza, "Dar ulimpeleka abiria gani?" Pilau yangu ya mchana nayo akaipiga mstari. Mwanzoni nilikasirika, nikamwona hayuko upande wangu.

Kingine alichonipa ni tarehe za kulipa kidogo kidogo mwaka mzima: Aprili, Juni, Septemba na Januari. Ya Juni iliniuma, sikuwa nimetenga hela. Tangu hapo kila Jumapili usiku natoa robo ya kilichoingia naweka akaunti nyingine, na daftari la odomita linakaa mlangoni mwa dereva na kalamu imefungwa kwa uzi. Kwa 2025 ilikuwa senti 70 kwa maili.

Nyota nne. Ya tano nampa siku atakayopokea simu mwezi wa tatu.