Stepu ya Mbao Niliyoitengeneza Nyumbani: Uchambuzi Baada ya Miezi Mitatu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Hiki mnachokiona mbele yangu hakikutoka dukani. Ni stepu ya mazoezi, nimeitengeneza mwenyewe kwa mbao za msindano hapa nyumbani Dar, na leo imetimiza miezi mitatu mimi na mama tukiipanda na kuishuka kila asubuhi. Wengi mmeniuliza kama inaishinda ile ya plastiki ya dukani. Nitawajibu, lakini nianze na stepu yangu ya kwanza, maana hii imezaliwa na makosa ya ile.

Ile ya kwanza niliiunda kama kigoda: ubao juu, miguu minne chini, nikagongelea misumari. Kimo chake inchi 8, kwa sababu niliamini ikiwa juu zaidi ndiyo jasho litatoka zaidi. Wiki ya pili ikaanza kulia, kri, kri, kila ukikanyaga. Asubuhi moja mama anashuka, soksi ikanasa kwenye kichwa cha msumari kilichochomoza kadiri ya punje ya mtama. Aliwahi kushika ukuta, hakuanguka. Mimi nilitetemeka kuliko yeye, na siku hiyohiyo nikaivunja.

Msumari unashikiliwa na mbano wa nyuzi za mbao tu. Msindano ni mbao laini, na mara nyingi tunauziwa ukiwa bado na maji ndani. Ukikauka unasinyaa, mbano unalegea, na kila hatua inazidi kuuchezesha msumari. Halafu kwenye miguu minne uzito wote unapita kwenye maungio. Ungio moja likilegea, stepu nzima inayumba.

Sasa hii ya pili, ngoja niipindue muone tumbo lake. Haina miguu. Ni fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne zilizosimama kwa ubavu, yote inagusa sakafu. Mbao moja ya futi 12 inatosha: unakata vipande viwili vya sentimita 100, na vinne vya sentimita 30. Viwili vinafunga ncha, viwili vinakaa katikati kuzuia ubao wa juu usibonyee. Mbao ina unene wa kama sentimita 5, kwa hiyo 30 ukijumlisha na pande mbili unapata upana wa 40, mguu mzima unakaa bila kisigino kuning'inia. Juu ni plaiwudi ya milimita 18. Uzito wako unashuka moja kwa moja hadi chini. Skrubu hazibebi, kazi yake ni kushikanisha.

Skrubu nimezitangulizia tundu dogo kwa keekee, la sivyo ncha ya mbao inapasuka. Na kwa kuwa skrubu inayoingia kwenye ncha haishiki vizuri kama inayoingia ubavuni, nimeweka vijiti vya kona na gundi ya mbao. Vijiti hivyo nimevipasua kutoka kile kipande kilichobaki.

Mkienda kununua, mambo mawili naomba myashike. Msichukue mbao ya dawa, ile yenye rangi ya kijani ya kuezekea. Mara nyingi dawa yake ina aseniki, na hapa utapiga msasa, vumbi ulivute, kisha ukae juu yake na miguu mitupu. Na msichukue plaiwudi ya kufyatulia zege, ile ya uso unaong'aa. Ni imara sana, lakini jasho likidondoka pale inateleza kama sabuni. Mimi nimechukua ya kawaida, nikapiga msasa namba 80 kisha 120, vanishi mara mbili, halafu nikabandika mkeka wa mpira juu. Chini nimebandika vipande vya tyubu ya pikipiki, maana sakafu yangu ni ya vigae.

Nawaonyesha jaribio langu. Hii glasi ya maji naiweka kwenye kona, napanda upande wa pili. Tazameni uso wa maji, si mimi. Unatikisika kidogo, unatulia. Ile ya kwanza ingeimwaga glasi.

Kimo sasa, na hapa ndipo nawasihi sana. Hii ina kama sentimita 12, na kuna atakayeiona fupi. Stepu za darasani za zoezi hili kwa kawaida zina kimo cha inchi 4, 6 au 8, na anayeanza anaanza na 4, yaani kama sentimita 10. Weka mguu mzima juu, tazama goti: likikunjika kupita pembe mraba, stepu ni ndefu kwako. Gin Miller, Mmarekani aliyelieneza zoezi hili mwishoni mwa miaka ya 1980, alianzia kwenye kuuguza goti lake mwenyewe. Sasa sisi tuyaumize yetu kwa haraka ya nini? Muziki wa mapigo kama 120 kwa dakika unatosha, na kwa kimo hikihiki mama anatoa jasho hadi shingoni.

Kasoro zake? Ni nzito, inakaribia kilo 12. Haitelezi, lakini mama hawezi kuiinua, inabidi nimsogezee. Na huwezi kuibadilisha kimo kama ya plastiki. Kwa hiyo nimetengeneza fremu ya pili ya mbao za inchi mbili kwa mbili ya kuweka chini yake, inaongeza sentimita 5, inashikwa na vigingi vinne visivyoiacha ihame. Ukifundisha darasa, au unabeba stepu kwenye gari kila siku, nunua ya plastiki, usijisumbue. Kwa sebuleni na watu wawili, naipendelea hii.

Bei sitaji, kwa sababu mbao ya Mafinga ukiinunua Iringa na ukiinunua hapa Dar si bei moja. Huna msumeno? Peleka vipimo hivi kwa fundi, Keko wapo wengi, akukatie tu. Kufunga skrubu utafunga mwenyewe.

Na ukimaliza, nitumie picha. Usinipigie ya juu. Ipindue, nionyeshe tumbo.