Nikon D3500 kwenye harusi za Lubumbashi: inanifaa mimi, huenda isikufae wewe

Niseme mapema usije ukamaliza megabaiti zako bure: kama unatafuta kamera ya video, Nikon D3500 si yako. Haina tundu la maikrofoni, kioo chake hakigeuki, na video inaishia Full HD. Mimi kazi yangu ni picha. Napiga harusi, sherehe za mahari, komunyo za watoto, na katikati ya juma picha za pasipoti. Kwa kazi hiyo, na kwa hela niliyokuwa nayo, sijaona iliyonifaa kuliko hii, ingawa Nikon wameacha kuitengeneza na siku hizi utaipata ya okazyo tu. Ilipotoka mwaka 2018 ilikuwa karibu dola 500 pamoja na lenzi ya 18-55, kwa hiyo mtu akikutajia zaidi ya hapo kwa iliyotumika, msalimie uendelee na safari.

Nilikuwa nayumba kati yake na Canon 250D. Ukisoma sifa za hizo mbili, Canon anashinda: kioo kinageuka na unakigusa kwa kidole, maikrofoni inachomekwa, 4K ipo. Kilichonifanya niiache ni kitu ambacho wauzaji hawakitaji. Pale juu unapopachika flashi, kamera nyingi zina pini katikati, na pini hiyo ndiyo inayoiamuru flashi yoyote iwake. Kwenye 250D wameiondoa. Flashi za Kichina za bei rahisi, zile za kurekebisha kwa mkono ambazo tunazo karibu wote, hazitawaka. Itakubidi ununue inayoelewana na Canon. Mimi flashi zangu zilikuwa tayari kwenye begi. Nikapiga hesabu ya kununua nyingine, nikabaki na Nikon.

Sasa mwanga, maana hapo ndipo pesa ya mpiga picha inapopatikana au kupotea. Kumbi zetu zina taa za mapambo kuliko taa za kuonea. Ukutani zambarau, meza kuu kijani, na dijei anazizungusha anavyotaka. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho inabaki f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaingia mwingi). Lenzi ya 35mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Yaani mahali ambapo 18-55 inakulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, picha ikajaa punje kama unga wa mahindi, 35mm inakuachia upige kwa ISO 640. Lenzi hiyo ilitoka kiwandani kwa dola kama 200, na kwangu ina thamani kuliko kamera yenyewe. Ila usiifungue yote kila wakati. Kwa f/1.8 jicho la bibi harusi litakuwa kali na hereni yake imefifia. Wakisimama wawili mimi nafunga hadi f/2.8, na ukoo mzima ukipanda jukwaani nakwenda f/5.6 na kuwasha flashi.

Ukitafuta lenzi ya Nikon kwa kamera hii, angalia iandikwe AF-S au AF-P. Mwili wa D3500 hauna mota ya kulengea, kwa hiyo zile za zamani zilizoandikwa AF-D, ambazo nazo hazina, zitaingia vizuri kabisa, halafu utalenga kwa mkono usiku kucha.

Kuna kitufe kimoja juu, nyuma kidogo ya kile cha kupigia, chenye alama za + na −. Hicho ndicho kidole changu kinakaa muda wote. Kamera ikiona gauni jeupe limejaa kwenye fremu inadhani pana mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa bibi harusi wetu mweusi unazama. Nabonyeza kitufe, nazungusha gurudumu la nyuma hadi +0.7, uso unarudi. Wakija wajomba kwa suti nyeusi inadanganyika upande wa pili, narudisha chini. Simu hujirekebisha yenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo gauni na ngozi mara nyingi hutoka na weupe usio wao. Kuna mama aliniambia: «Papa, huyu ni mutoto yangu kweli, hakubadilika rangi.» Sifa kama hiyo inanitosha.

Megapikseli wateja wanazipenda sana. «Yaya, hii yako iko na ngapi? Makumi mbili na ine tu? Simu yangu iko na mia moja na munane!» Sibishani. Simu nyingi za 108 huunganisha pikseli tisa kuwa moja, zikakupa picha ya 12. Na 24 za kamera hii zinatosha kuchapisha karibu sentimita 50 kwa 33 bila kuvuta chochote. Albamu ya A4 haifiki hata nusu ya hizo. Kinachotofautisha ni ukubwa wa sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga. Ile ya kamera ndogo nyingi za mfukoni inaingia ndani ya hii zaidi ya mara kumi.

Betri ndiyo iliyonifanya nisitamani kamera zisizo na kioo cha ndani, zile wanazoita mirrorless. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, D3500 inapiga picha 1,550 kwa chaji moja, wakati Sony a6000, mojawapo ya hizo, inakaa kwenye 360 hivi. Umeme ukikatika Ijumaa jioni na harusi ni Jumamosi asubuhi, tofauti hiyo unaijua mwenyewe. Chukua EN-EL14a halisi; ya kuigwa niliyouziwa mjini ilionyesha imejaa, kisha ikazima mbele ya padri.

Vumbi ni adui wa kweli hapa. Kuanzia Mei, kiangazi kikishika, ukibadilisha lenzi nje kule Katuba sensa inapata wekundu wake, na D3500 haina ule mtikisiko wa kujisafisha. Nabadilisha ndani ya gari, kamera ikitazama chini, na natembea na kipulizio cha mpira. Kwa mdomo usipulize, mate yakishaingia kwenye sensa hayatoki.

Vumbi hilo hilo ndilo la kuanza nalo ukiipima ya okazyo. Nenda na kadi yako ya memori. Weka kwenye A (wewe unachagua f, kamera inachagua kasi), f/22, piga ukuta mweupe, kuza: madoa meusi ni vumbi, unaweza kusafisha. Funga kifuniko cha lenzi, weka kulenga kwa mkono na M kwa kasi ya kawaida kama 1/60, upige tena: nukta nyekundu au za buluu ni pikseli zilizoharibika, hizo omba zipunguze bei. Kisha chukua hiyo picha nyumbani bila kuihariri, maana Nikon huandika ndani yake kamera imeshabofya mara ngapi, na zipo tovuti za kukusomea bure. Muuzaji akikataa usitoke na picha, ondoka.

Bluetooth yake inatuma kwenye simu picha ndogo za megapikseli 2. Kwa WhatsApp ya shangazi aliyeko Kolwezi inatosha, kwa kitu kingine hapana.

Mdogo wangu anayerekodi kwaya na mahubiri nilimshauri achukue 250D ile ile niliyoiacha, na hajalalamika. Mimi nikipata mwili wa pili nitatafuta D5600: lenzi ni zile zile, betri ni ile ile, na tundu la maikrofoni lipo kwa wateja wanaoanza kuniomba dakika mbili za video. Mwenye nayo safi Lubumbashi au Likasi, yenye mibofyo michache, anitajie bei.