Fundi wa kupaua wa Igoma: mpeni kazi

Sisi tunaokaa Bwiru, hapa Mwanza, juu ya mawe, upepo wa ziwani hauna huruma. Fundi aliyetangulia alishikiza kenchi, zile fremu za mbao za paa, kwa misumari tu, mvua ikaja na bati za pembeni zikang'oka. Huyu wa Igoma alipanda juu akatikisa papi, mbao zinazopigiliwa bati, moja moja ndipo akataja bei. Kenchi amezifunga kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta, kwa nondo, papi za pembeni kazisogeza zikaribiane kwa sababu upepo huanza kunyanyulia huko, misumari kaipiga mgongoni mwa bati, siyo bondeni maji yanakopita. Bati za geji 30 alizikataa katakata, akataka 28, nene zaidi. Bei imechangamka, kweli, na simu hapokei haraka. Kazi yake naipenda mno. Mtafuteni kabla masika hayajaanza.