Usiku wa filamu za muziki Area D: kiingilio elfu saba, ubishi wa Julie Andrews ndani yake

Watu wananiuliza kama zile Jumamosi za filamu kwenye bustani moja ya Area D, hapa Dodoma, zinafaa kulipiwa elfu saba. Mimi ni mteja wao wa kudumu, kwa hiyo nitasema mazuri na kero zake. Jina la bustani silitaji, maana nina manung'uniko na jiko lao na sipendi kumharibia mtu biashara. Wakazi wa Dodoma mtaitambua.

Utaratibu wao ni huu. Mara moja kwa mwezi, giza likiingia, wanatandaza kitambaa cheupe ukutani, wanawasha projekta, wanapanga viti vya plastiki. Soda moja imo ndani ya kiingilio. Filamu ni za aina moja tu: zile zilizoanzia jukwaani, watu wakiimba, wakicheza na kuigiza mbele ya hadhira, kisha Hollywood ikazichukua. Mwezi uliopita ilikuwa My Fair Lady, mwezi huu The Sound of Music. Filamu ikiisha mshereheshaji anazungusha maikrofoni, na hapo ndipo ninapoona thamani ya pesa yangu, kwa sababu filamu yenyewe ningeweza kuitazama nyumbani nimelala.

Dodoma ni mji wa kwaya. Pita mitaani jioni za mazoezi, kanisa hili wanaimba, la jirani wanaimba. Wanakwaya hao ndio karibu nusu ya wateja wa bustani, na ukiwawekea filamu ya kuimba hawahangaiki na mavazi wala sura. Wanasikiliza nani anapanda bila kukaza koo, nani kavuta pumzi katikati ya neno. Waliobaki ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na watumishi waliohamia huku na wizara zao. Wengi wao walikuwa wakimjua Julie Andrews, mwimbaji na mwigizaji wa Kiingereza anayecheza Maria kwenye The Sound of Music, bila kujua kwamba wanamjua: ndiye sauti ya Lady Whistledown kwenye Bridgerton, ndiye mama yake Gru kwenye katuni za Despicable Me, ndiye Malkia Lillian kwenye Shrek 2. Dada aliyekaa mbele yangu alipoambiwa hayo alipiga kelele kama mtu aliyeonyeshwa shangazi yake aliyepotea.

Kisa kinachowagombanisha watu ni hiki. My Fair Lady ya jukwaani ilifunguliwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, Machi 1956. Eliza Doolittle, yule muuza maua wa London anayefundishwa kuongea kibwana, alichezwa na Andrews, msichana wa Kiingereza wa miaka 20. Onyesho lile lilipigwa Broadway mara 2,717 kabla ya kufungwa. Yeye mwenyewe alikaa nalo zaidi ya miaka mitatu, New York kisha London, maonyesho manane kwa wiki. Ilipofika zamu ya filamu, Jack Warner, mwenye studio, alimchukua Rex Harrison aliyekuwa akicheza naye jukwaani, lakini nafasi ya Eliza akampa Audrey Hepburn. Warner alikuwa ameshatoa dola milioni 5.5 kununua haki za onyesho, na Andrews hakuwa ameonekana kwenye filamu hata moja. Hepburn alikuwa jina kubwa, akalipwa dola milioni moja.

Sasa lililowakera wanakwaya si hilo la jina. Ni kwamba sehemu kubwa ya nyimbo unazomwona Hepburn akiimba zimeimbwa na Marni Nixon, mwimbaji ambaye humwoni kwenye filamu hiyo. Mama mmoja, sauti ya pili kwenye kwaya yake, alisimama akasema, "Kwa hiyo walimwacha mwenye sauti, wakamchukua mwenye jina, halafu wakaenda kutafuta sauti kwa mtu wa tatu?" Bustani nzima ikacheka. Kijana mmoja akajibu kwamba hata wasanii wetu wanapanda jukwaani kwa plebeki, yaani wanachezesha mdomo juu ya wimbo uliorekodiwa, na tunalipa kiingilio. Mama akamwambia, "Mwanangu, plebeki ya sauti yako mwenyewe angalau ni yako."

Hapa nimpongeze mshereheshaji, alikuwa amejiandaa. Alikuwa na rekodi ya Hepburn mwenyewe akiimba wimbo mmoja kabla sauti haijabadilishwa, akaupiga, kisha akapiga ule ule wa Nixon. Akampa maikrofoni mwalimu wa kwaya mstaafu ambaye huwa anakaa safu ya kwanza na kila kijana anayepita lazima amwamkie. Mzee alifikiri kidogo, akasema dada anaimba, yuko ndani ya ufunguo, hana aibu yoyote, ila wimbo huu haukuandikiwa koo lake. Nimelipenda jibu hilo kuliko kejeli zote za usiku ule, kwa sababu lina ushahidi: miaka mitatu kabla ya filamu hiyo, kwenye Breakfast at Tiffany's ya 1961, Hepburn aliimba Moon River kwa sauti yake mwenyewe, na Henry Mancini alikuwa ameutunga wimbo ule ukae ndani ya uwezo wake. Ukimtungia mtu palepale sauti yake inapoishia, anaimba vizuri. Ukimpa wimbo wa mtu mwenye oktava nne, unamtafutia lawama.

Kijana wa UDOM, anayesoma mambo ya biashara nadhani, alimtetea Warner peke yake dhidi ya wote. "Shikamoo mwalimu. Lakini filamu ilipata Oscar 8, pamoja na ya filamu bora ya mwaka. Sasa Warner alikosea wapi?" Pakawa kimya. Ni hoja nzito na hakuna aliyeijibu vizuri. Mimi ningemjibu hivi: katika Oscar hizo 8, mojawapo ni ya Rex Harrison, yule aliyetolewa jukwaani. Hepburn hakutajwa hata kwenye orodha ya waliopendekezwa. Warner alipata filamu nzuri, sibishi, ila aliinunulia umaarufu mahali palipohitaji mwimbaji, na kila nikiitazama nasikia mshono.

Tulipofika hapo umeme ukakatika. Jenereta wanalo, liliwaka haraka, lakini limewekwa karibu mno na viti vya nyuma na linanguruma kiasi kwamba waliokaa huko hawakusikia lolote mpaka umeme uliporudi. Kero ya pili ni jiko. Uliagiza mishikaki mwanzo wa filamu, inakuja wakati watu wameshaanza kuaga, na moshi wake ukipeperushwa unapita mbele ya projekta. Chipsi mayai usiulize. Kero ya tatu si yao, ni ya Dodoma: upepo. Mwezi wa sita na wa saba kitambaa kinacheza, na nyuso za watu zinacheza nacho, hata kama wamekifunga mawe chini. Nendeni na sweta. Picha yenyewe ni safi, spika ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa bei ile, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini kwa ajili ya wanaopitwa na lafudhi. Ya Kiswahili hayapo. Vyoo ni visafi. Malipo ni kwa lipa namba au taslimu, na bajaji hazikosekani nje hata mkichelewa, na mtachelewa, kwa sababu filamu hizi zinakaribia saa tatu kila moja.

Turudi kwa Andrews. Wanaomwonea huruma huwa wanasahau kilichofuata. Walt Disney alimwona kwenye Camelot, onyesho lake jingine la Broadway, akamtaka kwa Mary Poppins. Andrews alikuwa mjamzito, Disney akasema atasubiri, na akasubiri kweli. Filamu zote mbili zikatoka mwaka mmoja, 1964, na aliyeondoka na Oscar ya mwigizaji bora wa kike ni Andrews. Kabla ya hapo, kwenye tuzo za Golden Globe, alisimama akamshukuru Jack Warner kwa kuwezesha yote hayo. Mshereheshaji aliposimulia hilo akina mama walipiga vigelegele. Kijembe wanakijua wakikisikia, hata kiwe cha Kiingereza na kimefungwa kwa adabu.

Ila je, Oscar ile ilikuwa ya kazi au ya kumfuta machozi? Hapo bustani iligawanyika. Mimi niko na wanaosema ilichangiwa na huruma. Mary Poppins ni kazi safi, anaimba kama maji yanayotiririka, lakini mhusika mwenyewe habadiliki tangu anaposhuka na mwavuli mpaka anapoondoka. Kazi kubwa zaidi ni hii tuliyoitazama mwezi huu. Maria wa The Sound of Music anaingia hajui aende wapi, anaogopa, anapenda, anakimbia, anarudi, na yote hayo unayaona usoni kabla hajafungua mdomo. Kwa kazi hiyo alipendekezwa tena kwa Oscar, tuzo ikaenda kwa Julie Christie wa Darling. Wakampa kwa kazi ndogo, wakamnyima kwa kubwa.

Kuna waliosema sauti anayo, uigizaji alifundishwa. Ni kweli kwa kiasi. Mazoezi ya My Fair Lady yalipoanza alikuwa anapwaya kiasi kwamba mwongozaji, Moss Hart, alimfungia siku mbili za mwisho wa wiki na kumfundisha Eliza mstari kwa mstari. Lakini mwalimu wetu alicheka alipolisikia hilo. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kukutana na mwanakwaya aliyezaliwa anajua solfa. Na wakati huo kwenye kitambaa tumetoka tu kumwona Maria akiwafundisha watoto do, re, mi kilimani, wanakwaya wote wakimfuatiza kwa sauti nne bila kuombwa. Kwa wimbo ule peke yake ningelipa tena.

Sasa hoja yangu mwenyewe, ambayo niliitoa nilipopewa maikrofoni na haikupendwa na wengi. Kila mtu anamlilia Andrews kwa Eliza. Nani anamlilia Mary Martin? Maria wa kwanza kabisa, Broadway 1959, alikuwa ni Mary Martin, akashinda Tony, tuzo ya maonyesho ya jukwaani, kwa kazi hiyo. Filamu ilipotengenezwa nafasi ikaenda kwa Julie Andrews, mdogo wake kwa zaidi ya miaka ishirini, mwenye jina jipya kutoka kwa Disney. Kanuni ile ile ya Warner, safari hii imemwangukia yeye kwa upande wa neema. Mama wa sauti ya pili hakukubali: "Tofauti ni kwamba Julie aliimba mwenyewe!" Nimekubali, hapo kanishika. Bado nasema nafasi ya filamu ni ya mwenye fedha, na kupewa au kunyimwa hakukuambii kitu kuhusu kipaji. Kipaji unakisikia.

Na wapenda vituko watazame vizuri watawa wa kwenye filamu ile. Mmoja wao, Sista Sophia, ni Marni Nixon, yule yule mwenye sauti ya Eliza, hatimaye anaonekana uso. Wakati huohuo Kapteni von Trapp, Christopher Plummer, nyimbo zake zimeimbwa na Bill Lee. Yule kijana wa plebeki alipolisikia hili alisimama akapiga saluti.

Mwishoni mshereheshaji alisimulia kwamba mwaka 1997 Andrews alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti huko New York na sauti ile ya kuimba haikurudi tena. Wanakwaya walinyamaza kwa namna ambayo watu wengine hawangenyamaza. Mwalimu akamtaja marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa kwetu, sauti iliyokuwa inashuka chini kabisa kisha inaruka juu kama si ya mtu mmoja, iliyofika majukwaa ya Ulaya na studio za Real World za mwanamuziki wa Kiingereza Peter Gabriel pamoja na ala zake, zeze na ilimba, mpaka alipofariki mwaka 2003. Alisema siku moja bustani hii ituonyeshe na yeye. Namuunga mkono, na nawaomba waandaaji walichukue hilo kwa uzito. Kwa muda wote niliokwenda, hawajaweka hata robo saa ya muheme, ngoma ya Wagogo, kabla ya filamu, na wapigaji wako Chamwino, si mbali.

Nyota? Nne kati ya tano. Moja nimewanyima kwa ajili ya jiko na jenereta.

Mwezi ujao wametangaza Funny Girl ya 1968, na mimi nawahi kiti. Barbra Streisand aliicheza Broadway, hakuwa na filamu hata moja, wakampa ile ile nafasi yake, akashinda Oscar. Nataka kumwona yule kijana wa UDOM anamtetea vipi Jack Warner mbele ya hilo. Ingawa namfahamu, atakuwa ameshachimba: mwaka uliofuata Streisand huyo huyo alipewa Hello, Dolly!, nafasi iliyokuwa ya Carol Channing jukwaani. Mkija kaeni safu za mbele kushoto, mbali na jiko, na agizeni mishikaki kabla hamjakaa.