Walimpa mtoto dawa, na hakuna aliyejua ni saa ngapi

"Amepewa dawa saa ngapi?" Hilo ndilo swali nililouliza jioni moja hivi karibuni, mlangoni kwa kituo cha kulelea watoto, mtoto amenilalia begani na shingo yake inachoma. Mlezi wa jioni akamtazama mwenzake. Mwenzake akasema aliyempa ni wa asubuhi, na wa asubuhi ameshaondoka. Akaitwa mkuu wa kituo. Akaja, akamgusa mtoto kipaji, akasema: "Mama, mtoto si yuko salama? Atakuwa alipewa mchana. Usijitie wasiwasi."

Atakuwa alipewa! Nikaomba nioneshwe dawa yenyewe. Ni parasetamoli ya maji, dawa ya kushusha homa, chupa ya kituo, ya watoto wote, imekaa rafuni karibu na vikombe. Lebo imechakaa kwa kushikwashikwa, pale penye kiasi cha dawa hapasomeki, na kijiko cha plastiki kimegandia pembeni ya chupa kwa sukari ya dawa. Sikupigiwa simu kabla, wala baada.

Naandika kwa hasira na sifichi. Lakini wazazi wenzangu, hasira hii ina hesabu ndani yake, na ni hesabu ambayo kila mlezi anayelipwa kukaa na watoto anapaswa kuijua.

Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila dozi. Kati ya dozi na dozi zipite saa 4 hadi 6, na zisizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 10 basi anahitaji miligramu 100 hadi 150. Sasa, dawa za maji haziko sawa. Kuna chupa yenye miligramu 120 katika kila mililita 5, na kuna yenye 250 katika mililita 5 zile zile. Kijiko kimoja cha mililita 5 kutoka chupa ya kwanza kinamfaa huyo mtoto. Kijiko hicho hicho kutoka chupa ya pili kinampa 250, kupita kabisa kipimo chake. Ndiyo maana mlezi akikujibu "nilimpa kijiko kimoja" bado hujaambiwa kitu, na ndiyo maana lebo isiyosomeka ni sababu tosha ya kuitupa chupa.

Na parasetamoli ikizidi huumiza ini, kimyakimya. Siku ya kwanza mtoto anaweza kuonekana mzima kabisa. Kwa hiyo ule utetezi wa "si unaona anacheza" hauna maana yoyote kwa mtu anayeijua dawa hii.

Ukijikuta umesimama pale nilipokuwa nimesimama, usikisie. Kama kiasi kinajulikana na ni saa tu isiyojulikana, hesabu kana kwamba dozi imetolewa dakika ile ile uliyomchukua mtoto, na usiongeze nyingine mpaka zile saa 4 hadi 6 zipite kuanzia hapo. Kama hata kiasi hakijulikani, au chupa haisomeki, mpeleke mtoto kwa daktari au mpigie mfamasia, ukiwa na chupa yenyewe mkononi. Usisubiri dalili. Homa yenyewe si lazima ishushwe kwa dawa ikiwa mtoto anakunywa na bado ana uchangamfu. Mvue nguo nzito, mpe vya kunywa kidogo kidogo, mwangalie. Ila mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, huyo ni wa daktari papo hapo, si wa kituo na si wa kijiko.

Kituo kinachojua kazi hakina chupa ya wote. Dawa huja na mtoto, kwenye chupa yake yenye lebo, na mzazi anajaza fomu: jina la dawa, nguvu yake, mililita ngapi, kwa nini, dozi ya mwisho nyumbani ilikuwa saa ngapi, sahihi. Mlezi anapima joto kwanza, anaandika nyuzi. Anampigia mzazi. Anavuta dawa kwa bomba la kupimia lenye mistari (kijiko cha jikoni hakipimi kitu, kila kimoja kina ujazo wake), mlezi wa pili anaangalia mstari, mtoto anapewa, na saa inaandikwa hapo hapo kabla bomba halijaoshwa. Wote wawili wanasaini. Chupa inarudi kabatini, juu, kwa kufuli. Begi la mtoto linalotundikwa kwenye msumari wa kimo cha mtoto halipaswi kubeba dawa yoyote, maana watoto hufunguliana mabegi. Kazi yote hiyo haifiki dakika tano.

Niseme la haki. Chumba cha vichanga cha kituo hiki kinaendeshwa vizuri, na mama anayekiongoza ni mlezi hasa. Watoto analaza chali, kila mmoja kitandani pake, godoro gumu na bapa, bila mto, bila blanketi, bila mwanasesere. Akibadilisha nepi mkono mmoja hautoki kwenye mwili wa mtoto, na vitu vyote ameshavipanga kabla hajamlaza. Ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kila nepi, na mikono ya mtoto pia anaiosha. Nimeingia bila taarifa zaidi ya mara moja na nimekuta hivyo hivyo. Kwa ajili yake nilitaka kukipa kituo nyota tatu na kumwambia mwenye kichanga ampeleke.

Tatizo ni kwamba mama huyo naye huondoka zamu ikiisha, na anachokijua kinaondoka naye. Hapa ndipo vituo vingi huvunjika, na hapa ndipo mzazi haangalii anapokwenda kutembezwa. Tunatembezwa asubuhi, watoto wamenawishwa, kuta zina rangi, walezi wote wapo. Nendeni nusu saa ya mwisho ya siku. Madarasa yanakuwa yameunganishwa, wakubwa wanakimbia katikati ya wanaotambaa, na mlezi aliyebaki ni mmoja na simu ya mlangoni ni yake. Hesabuni vichwa. Uingereza sheria inataka mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka miwili, na uwiano huo unahusu saa zote, si saa za wageni tu. Nchi yenu inaweza kuwa na namba nyingine. Iulizeni, kisha ulizeni ni nani anayehesabika humo, maana mpishi na mtu wa usafi wakitiwa kwenye hesabu uwiano ni wa karatasini.

Kisha ombeni daftari la siku. Ukurasa wa wiki mbili nyuma, majina yakifunikwa, si ule wa leo. Mimi nilioneshwa wa siku ile ile: "Amekula vizuri. Amelala. Amefurahi." Nepi, tiki tatu. Safu ya dawa haimo kabisa. Na nilipofunua nyuma, watoto wote wamebadilishwa nepi saa nne kamili, saa sita kamili na saa nane kamili, kalamu ile ile, mwandiko ule ule, mistari imelala upande mmoja. Hakuna kundi la watoto linalochafua nepi kwa kengele. Daftari la namna hiyo limejazwa jioni kwa kukisia, mara moja, ili lionekane limejaa. Daftari la kweli ni chafu kidogo: saa nne na dakika kumi na mbili, kalamu mbili tatu, neno limekatwa, "amekataa uji, amekunywa maji", sahihi mbili tofauti pale zamu zilipokabidhiana.

Mengine nayapitia haraka. Ulizeni zabibu zinakatwaje; jibu ni kwa urefu, vipande vinne, na karanga nzima hazitolewi kabisa kwa wadogo hawa. Kichezeo kinachopita ndani ya kibomba cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ulizeni pia, "Kuanzia nyuzi ngapi mnanipigia simu?" na msikilize kama namba inatoka moja kwa moja au wanatazamana.

Nilirudi siku ya pili nikiwa nimetulia, nikampelekea mkuu wa kituo mfano wa fomu ya dawa niliouandika mwenyewe, ukurasa mmoja. Hakuusoma. Aliugeuza kifudifudi mezani akasema, "Wazazi wengine hawalalamiki hivi." Pale pale nyota tatu zikafutika, pamoja na ile ya mama wa vichanga ambaye hakustahili kuipoteza. Mlezi aliyesahau kuandika saa anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja. Mkuu asiyetaka saa iandikwe ataajiri wengine kumi, na wote watasahau.

Msimpeleke mtoto pale. Au kama hamna pengine pa kumpeleka, na najua wapo wasio napo, basi andikeni kwa mkono juu ya fomu ya kujiunga: "Mtoto huyu asipewe dawa yoyote bila mimi kupigiwa simu", wekeni tarehe na sahihi, wasainishwe nao, na nakala mbaki nayo. Fomu yao ina kurasa tatu. Ada, faini ya kuchelewa kumchukua mtoto, ada isiyorudishwa, sare. Neno dawa halimo.