Siku ya mechi Matsumoto Yamaga: tiketi ya daraja la tatu, jukwaa la daraja la kwanza

Ukiwa na nafasi ya kutazama mechi moja tu ya J3, ligi ya tatu ya kulipwa nchini Japani, nenda Matsumoto. Matokeo ya timu hayatoshi kukushawishi: mwaka 2019 Matsumoto Yamaga ilicheza J1, na msimu wa 2022 ulipoanza ilikuwa imeshaangukia J3. Klabu ikiporomoka kwa kasi hiyo, kwa kawaida mashabiki nao huyeyuka. Hapa, misimu miwili ya kwanza ya J3 ilivuta wastani wa zaidi ya watazamaji 8,000 kwa mechi, wakati wastani wa ligi nzima ulizunguka 3,000. Kasoro zipo, nyingi zikiwa za usafiri, lakini kinachouzwa hapa kina thamani kuliko bei yake.

Uwanja unaitwa Alwin, siku hizi Sunpro Alwin kwa jina la mdhamini. Ni mali ya mkoa wa Nagano, ulifunguliwa 2001, unachukua watu kama 20,000, na Paraguay waliufanya kambi yao ya Kombe la Dunia la 2002. Ulijengwa kwa ajili ya soka, hauna njia za riadha, kwa hiyo ukikaa safu za mbele unasikia mabeki wakipangana. Upo jirani na uwanja wa ndege wa Matsumoto, ambao kwa mwinuko wa mita 657 unaongoza Japani nzima. Ndege zikipita karibu hivyo huwezi kupandisha majengo na minara ya taa utakavyo, kwa hiyo sehemu ya kuchezea ilichimbwa chini ya usawa wa ardhi. Ndiyo maana kwa nje Alwin unaonekana mfupi, lakini ukiingia unakuta bakuli lenye kina, na siku ya anga safi safu ya milima ya Alps ya Kaskazini inasimama juu ya majukwaa.

Mahali pa kukaa pana uzito kuliko bei. Jukwaa kuu na la mkabala yana paa, ila paa halifiki safu za chini. Mvua ya upepo itakulowesha hata kama ulilipia zaidi. Nyuma ya magoli ni wazi kabisa. Upande wa wenyeji nyuma ya goli watu husimama na kuimba tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, kwa hiyo mwenye mtoto mdogo au anayetaka kusoma mbinu za timu akae jukwaa la mkabala, safu za juu. Usivae rangi za timu ngeni katika eneo la wenyeji: utaombwa kwa adabu uvue au uhame. Chupa za kioo na makopo hayaingii. Langoni utamimina kinywaji chako kwenye kikombe cha karatasi. Ukifika na makopo manne dakika kumi kabla ya mechi, utayamimina yote manne huku wenzako wakipanga foleni nyuma yako.

Kijani unachokiona kila upande, rangi ya Yamaga, kimetoka mbali. Mwaka 1965 wachezaji waliowahi kuchezea timu ya mkoa wa Nagano walikuwa wakikutana kwenye mgahawa wa kahawa ulioitwa Yamaga, mbele ya kituo cha treni cha Matsumoto, na timu yao ikachukua jina la mgahawa. Klabu nyingi kubwa za Japani zilizaliwa ndani ya viwanda na kampuni: Urawa ilitoka Mitsubishi, Kashima ilitoka Sumitomo. Yamaga haikuwa na mwajiri wa kuwalipa wachezaji wala kiwanda cha kuwapa kazi, ikabaki miongo kadhaa katika ligi ya kanda ya Hokushinetsu. Safari ya kuelekea soka la kulipwa ilianza 2004, pale shirika lisilo la faida lilipoundwa Matsumoto kwa lengo hilo. Mgahawa wa zamani ulikuwa umeshafungwa eneo la kituo lilipojengwa upya, na mwaka 2017 klabu yenyewe ilifungua mwingine kwa jina hilohilo, Kissa Yamaga, katikati ya mji. Ukipata saa moja kabla ya basi, kunywa kahawa pale. Angalia kwanza siku na saa za kufungua.

Mwaka 2009 ndio wa kuusimulia polepole. Tarehe 11 Oktoba, katika Kombe la Mfalme, timu hii ya ligi ya kanda iliifunga Urawa Reds mabao 2-0 hapahapa Alwin, miaka miwili tu baada ya Urawa kutwaa ubingwa wa Asia. Wengi huishia hapo. Lakini ushindi ule haukuipandisha daraja, na katika ligi yake Yamaga ilimaliza nafasi ya nne. Mlango uliobaki ulikuwa mashindano ya taifa ya timu za watu wazima, ambayo ratiba yake ni ya kikatili: anayefika fainali hucheza mechi tano kwa siku tano. Yamaga ilichukua kombe, ikapata nafasi katika mchujo wa mabingwa wa kanda, ikaushinda Desemba mbele ya mashabiki wake, na 2010 ikaingia JFL, ligi ya taifa iliyokuwa chini ya J2. Aliyelijaza jukwaa siku ya Urawa alirudi pia siku zile ngumu, na huyo ndiye utakayekaa naye leo.

Mwaka 2011 alikuja Naoki Matsuda, beki aliyeichezea Japani mechi 40 na kushiriki Kombe la Dunia la 2002. Tarehe 2 Agosti alianguka mazoezini kwa shambulio la moyo, na tarehe 4 akafariki akiwa na miaka 34. Kwenye uwanja ule wa mazoezi hapakuwa na kifaa cha kushtua moyo. Tangu hapo jina lake limeambatana na juhudi za kusambaza vifaa hivyo viwanjani na mashuleni kote Japani. Jezi namba 3 ilikaa bila mtu hadi 2014, alipoivaa Hayuma Tanaka, aliyekuwa mwenzake Yokohama F. Marinos. Mwishoni mwa msimu wa kifo chake timu ilipanda J2, na chini ya kocha Yasuharu Sorimachi ikafika J1 kwa msimu wa 2015, kisha tena 2019 baada ya ubingwa wa J2. Mara zote mbili ilishuka baada ya msimu mmoja.

Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa Alwin hawaondoki kabla ya filimbi, tazama fainali ya mchujo wa kupanda J2 ya Desemba 2024 ugenini Toyama. Sare ilimtosha aliyemaliza juu kwenye msimamo, naye alikuwa Toyama. Yamaga iliongoza 2-0, ikarudishwa 2-2 katika dakika za nyongeza, na nafasi ya J2 ikaenda kwa wenyeji.

Kwa chakula, chagua sanzokuyaki: paja zima la kuku lililolowekwa kwenye mchuzi wa soya, kitunguu saumu na tangawizi, likapakwa wanga wa viazi na kukaangwa kwa mafuta mengi. Kosa ni kulibeba kwenye kasha lililofungwa mpaka kitini. Mvuke hurudi kwenye wanga, na dakika kumi tu zinatosha ganda kulegea. Acha kifuniko wazi, ule palepale. Taka zako uzitenganishe mwenyewe kwenye vituo vya kukusanyia, ambako wanaokuelekeza ni watu wa kujitolea.

Sasa usafiri, ambako alama zinapotea. Kutoka kituo cha Shinjuku jijini Tokyo, treni ya Azusa huchukua kama saa mbili na dakika arobaini. Viti vyote ni vya kuagiza: taa nyekundu juu ya kiti maana yake hakina mwenyewe, ya njano kitachukuliwa karibuni, ya kijani kimeshauzwa. Anayekaa chini ya taa ya njano huinuliwa kituo kinachofuata. Basi la mwendo mrefu ni nafuu zaidi, ila hutumia zaidi ya saa tatu na hukwama kwenye foleni Jumapili jioni. Hakuna reli inayofika Alwin. Panda mabasi maalumu ya siku ya mechi kutoka kituo cha Matsumoto, na uende saa mbili kabla. Wenye magari huegesha ndani ya bustani inayozunguka uwanja, kisha wote hutoka kwa wakati mmoja kwenye barabara zilezile.

Azusa ya mwisho kurudi Tokyo huondoka karibu saa mbili usiku. Mechi ya saa nane mchana inakuacha na nafasi ya kutosha. Mechi ya saa kumi na mbili jioni au baadaye inakulazimu kulala Matsumoto, kwa hiyo agiza chumba siku ileile unayonunua tiketi. Kuanzia msimu wa 2026/27 ligi za Japani zinaanza Agosti na kupumzika kuanzia katikati ya Desemba hadi Februari, jambo linalomaanisha mechi zaidi za mwanzo wa majira ya baridi kwenye mwinuko huu. Oktoba jioni beba koti hata kama mchana ulikuwa wa fulana. Na anayefuatilia akiwa Dar es Salaam au Nairobi, saa nane mchana ya Matsumoto ni saa mbili asubuhi kwake.